Jando la Masasi lilibadilishwa na wenyewe

Kaka, umesema dini na mila hazibadiliki mpaka mtu wa nje azilazimishe. Mimi wa Masasi, kusini mwa Tanzania, sikubali. Waanglikana huku walikuwa na jando la Kikristo hata kabla Vincent Lucas hajawa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926. Sifa hupewa yeye, lakini Mzungu angeingiaje kumbini, kambi ya wanaotahiriwa, peke yake? Mapadre na wazee wenyeji, waliopitia jando wenyewe, ndio waliojua kipi kibaki na kipi kitoke. Tohara ikabaki, mafunzo ya adabu yakabaki, sala ikaingia. Ubishi ulikuwepo, tena mkali.

Unyago nao unabadilika. Wengi sasa wanaufanya wakati wa likizo ili binti asikose masomo. Mama yangu mdogo ni kungwi, na miaka kadhaa sasa hawafundishi watoto mambo ya chumbani. Anasema hayo yangoje ndoa. Hakuna semina iliyomfikia. Alimwona mwali wake mwenyewe akiacha shule darasa la sita kwa mimba, akaenda kuwaambia makungwi wenzake.