Kimenyeo butu ndicho kinachokata vidole

Swali: Namenya maembe mabichi ya achari kwa kimenyeo, kilo tano au zaidi kwa siku. Nilinunua kipya, kikanikata kidole mara mbili. Jirani akaniambia nikisugue kwenye sakafu kipungue makali. Nimekisugua, na juzi kimenikata tena, vibaya zaidi. Nifanyeje? Msomaji, Langoni, Lamu.

Jibu: Dada, hicho kitupe. Hii imani kwamba kitu butu hakikati ndiyo inayojeruhi wapishi wengi. Wembe mkali huingia chini ya ganda bila kusukumwa. Ukiwa butu utaukandamiza, utateleza juu ya ganda, na nguvu zote zitaishia kwenye kidole kilichoshika embe. Jeraha lake nalo huchanika kingo, likakawia kufunga.

Kipya kilikukata kwa sababu ya ushikaji. Embe bichi lina utomvu, mkono una maji, nawe unamenya hewani. Osha utomvu, kausha embe, kata kipande kidogo upande wa kikonyo ili lisimame. Liweke juu ya ubao uliotandikiwa kitambaa kibichi chini usitembee. Shika juu, menya kuanzia katikati kushuka mpaka ubaoni, zungusha. Kisha geuza umalizie nusu ya pili, na ile iliyokwisha kumenywa, maana inateleza kama sabuni, ishike kwa kitambaa kikavu. (Kama unatumia mkono wa kushoto, hakikisha wembe una makali pande zote mbili, vingine vina upande mmoja tu.)

Kipime kwa karoti: ganda litoke utepe mrefu mwembamba. Likitoka vipande vipande, kimekwisha. Wembe ukigoma kuchezacheza, huenda ni kutu au utomvu uliokauka; loweka katika siki ya uvuguvugu, sugua kwa mswaki mkuukuu, tia tone la mafuta. Chumvi ya achari na hewa ya bahari havina huruma, basi osha na ukaushe papo hapo.

Kuhusu kunoa: kitako cha kikombe kinafaa kisu, lakini makali ya kimenyeo yako ndani ya mwanya, kikombe hakiyafikii. Tupa ya kunolea huyatafuna. Wanaokichoma motoni wanalainisha chuma. Baada ya hapo hakishiki makali tena.

Na msiwasikilize wauzaji wanaosema kinamenya kila kitu. Muhogo hakiuwezi. Una maganda mawili, na kimenyeo huparua lile la kahawia tu, kikaacha lile nene la ndani ambalo lina sumu nyingi kuliko nyama yake. Muhogo ukate vipande vya urefu wa kiganja, uchane ganda kwa kisu kutoka ncha hadi ncha mpaka ufike kwenye nyama nyeupe, kisha ingiza ncha ya kisu chini yake ubandue maganda yote mawili kwa pamoja.