Shanga za udongo wa polima: anza na rangi mbili tu

Watu wakiona shanga nilizovaa huuliza maua yale nimeyachora kwa brashi gani. Hakuna brashi. Ua limepita ndani ya udongo kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo popote utakapokata utalikuta lilelile. Unachotengeneza kwanza ni mche wa udongo, mrefu kama mche wa sabuni, wenye picha tumboni. Ushanga unakuja baadaye, na kusema kweli ndiyo sehemu rahisi.

Udongo wenyewe si wa mfinyanzi. Ni udongo wa polima, yaani plastiki ya PVC iliyolainishwa na kutiwa rangi. Haukauki ukiachwa wazi, ila huwa mgumu ukiokwa kwenye oveni ya kawaida ya nyumbani. Majina utakayokutana nayo sana ni Fimo ya Ujerumani na Sculpey ya Marekani. Ufundi wa mche umetoka kwa mafundi wa kioo wa Murano, kule Venice, ambao huvuta kioo cha moto kikawa chembamba huku picha ikibaki ndani. Shanga za kioo za Venice zilifika hadi Unguja, na katika karne ya 19 zilibebwa na misafara ya kwenda bara zikitumika kama fedha. Kioo kinataka tanuri. Sisi wa mtaani tunashukuru polima.

Huku kwetu pakiti nyingi zinaagizwa kutoka nje, na bei inauma. Ndiyo maana nasema usianze nazo. Nunua plastisini ya watoto, ile ya dukani ya rangi rangi, ufanyie mazoezi. Haitakuwa ngumu kamwe, lakini mkononi inakupa somo lilelile: kukanda, kukunja, kuminya, kukata. Ukiiharibu unaifinyanga upya.

Sasa rangi. Kila anayeanza anataka waridi lenye majani na umande. Mimi nasema chukua rangi mbili, moja nyeupe pe na nyingine iliyokoza, bluu ya wino au nyeusi. Sukuma kila moja kwa kifimbo cha chapati (ambacho hakitarudi tena jikoni), zilaze moja juu ya nyingine, halafu kunja kama mkeka. Umepata konokono. Ukitoka hapo fanya duara ndani ya duara, kisha bao la drafti. Sababu ya kusisitiza weupe na weusi ni kwamba picha itapungua sana. Bluu na zambarau zinazopendeza zikiwa kubwa, zikishakuwa ndogo kama punje ya mbaazi zinaonekana rangi moja tu.

Kupunguza mche ndiko kwenye kazi hasa. Tuseme mche wako una kipenyo cha sentimita 4 na urefu wa sentimita 5. Ukiuminya hadi kipenyo kiwe sentimita 1, urefu unafika sentimita 80, kwa sababu udongo ni uleule, umehama tu. Huwezi kuufikisha huko kwa kuuviringisha mezani tangu mwanzo: ngozi ya nje itakimbia na picha ya ndani itabaki nyuma. Ushike kiunoni kwa vidole, minya kidogo, zungusha, minya tena, ukiwa unahamia kwenye ncha taratibu. Kuviringisha ni kwa mwisho, kulainisha alama za vidole. Na hakikisha rangi zote zina ulaini mmoja kabla hujaziunganisha, maana iliyo laini itaisukuma iliyo ngumu.

Binti wa kaka yangu alipomaliza mche wake wa kwanza aliutazama nchani, uso ukamshuka. "Shangazi, ua limekwenda wapi?" Nchani palikuwa na mavurugu ya nyeupe na nyekundu. Nikamwambia akate. Akakata, bado mavurugu. Kipande cha tatu, petali zikatokea zote tano na kiini chake katikati. Ncha huharibika siku zote, hata kwa fundi mkongwe. Zile chenga usizitupe. Zifinye pamoja zifanye kiini cha shanga, kwani hakuna atakayekiona.

Joto la Dar lina tabia zake. Udongo ukiwa umelegea, wembe unaugandamiza na ua linakuwa yai. Weka mche kwenye friji nusu saa, kata kwa wembe mpya, na baada ya kila kipande uzungushe mche robo duara ili usibonyee upande mmoja. Ukiona udongo unanata mno hata kabla ya kuanza, ulaze katikati ya karatasi nyeupe usiku kucha. Karatasi itafyonza mafuta.

Vipande vyembamba unavibandika juu ya kidonge cha udongo na kuviringisha viganjani mpaka maungio yapotee. Toboa kwa sindano nene huku ukiizungusha. Ncha ikichungulia upande wa pili, ichomoe na umalizie kutokea huko, la sivyo tundu linapasuka mdomo.

Kwenye kuoka sina utani. Soma pakiti: nyingi zinataka kati ya 110°C na 135°C, kwa nusu saa au zaidi kulingana na unene. Usiamini kitasa cha oveni, nunua kipimajoto cha kuweka ndani. Funika shanga kwa foili ili nyeupe isigeuke rangi ya chai. Jiko la mkaa halifai, maikrowevu pia haifai. Udongo huu ukiungua hutoa moshi wenye gesi ya asidi. Zima oveni, fungua madirisha, toka nje kwanza.

Zikipoa, zisugue kwa msasa ndani ya maji, anza namba 400 umalizie 1000, halafu zing'arishe kwa kitambaa cha jinzi. Rangi ya kucha isiyo na rangi watu wengi huisifia. Mimi siipendi kabisa: viyeyusho vyake hula polima na ushanga huanza kunata. Mche uliobaki usiuoke. Ufunge kwenye mfuko wa nailoni, uuweke mbali na jua, utautumia hata mwakani.

Na nyie mnaonivuta pembeni kuniuliza kama natengeneza za kiunoni: hapana. Hizi ni kubwa, zitakuchoma ukilala. Nendeni sokoni mkanunue za kioo.