Jibu: Tiba shufaa si kukata tamaa

Dada yangu, pole sana. Umeuliza kama tiba shufaa (matunzo ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso) mliyotajiwa, mama akiwa wadi ya mahututi, maana yake ameshakatiwa tamaa. Hapana. Mimi ni muuguzi wa wadi kama hiyo hapa Mombasa. Shufaa huenda sambamba na mashine na dawa nyengine, na tangu 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani umezitaka nchi ziitie kwenye huduma za kawaida.

Mgonjwa mwenye mpira wa kupumulia kooni hawezi kusema anaumwa. Basi twamsoma uso: paji likikunjana, ngumi ikikazwa, akishindana na mashine, twajua huenda dawa ya maumivu haijatosha. Midomo ikikauka twaipangusa kwa pamba yenye maji. Mofini isiwatishe, ikipimwa vizuri hutuliza maumivu na ile hali ya kukosa pumzi.

Mwambieni muuguzi mama apenda kulala ubavu gani. Mkitaka kumsomea Yasini, semeni. Mimi huvuta pazia nikawasogezea kiti. Na ombeni kikao na daktari, ndugu nyote pamoja, kabla hamjaanza kuvutana huko kwenye benchi la nje.