Ufunguo wa risiva ukae mfukoni mwa anayeunganisha

Siku ile Iringa, dogo ninayefanya naye kazi ya kuwasha fataki za harusini kwa rimoti alikuwa amepiga magoti pembeni ya zulia jekundu akichomeka waya wa fataki ya nne, ghafla ile ya tatu ikawaka. Ilikuwa kama sentimita 40 kutoka usoni mwake. Rimoti ilikuwa mfukoni mwangu na mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kikombe cha chai, maana ilikuwa Agosti na baridi ya Iringa ya Agosti unaijua. Cheche zikapanda juu ya kichwa changu. Wapambaji wakapiga makofi wakidhani tunafanya majaribio. Dogo alijirusha nyuma, lakini mkono wa koti lake la nailoni, la mtumba, ulikuwa umeshayeyuka na kugandia ngozi.

Tulipotoka zahanati ndipo tukajua kilichotokea. Ukumbi wa jirani, ndani ya uzio uleule, ulikuwa na sendofu, na jamaa wa muziki wa kule alikuwa anajaribu vifaa vyake. Alinionyesha rimoti yake: nyeusi, vitufe vinne, antena ya kuvuta. Pacha wa yangu. Hakuwa na kosa lolote, alibonyeza cha kwake. Mzembe nilikuwa mimi, niliyemwachia dogo achomeke nyaya kwenye risiva, kile kiboksi kinachokaa karibu na fataki, ikiwa imeshawashwa.

Vijana wa muziki na wapambaji wa Mbeya wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huniuliza swali moja: "Kaka, hii inashika mita ngapi?" Sijawahi kuulizwa mtu anayeunganisha anajikingaje.

Kifaa chenyewe si uchawi. Ukibonyeza kitufe, rimoti inarusha namba fulani hewani kwa mawimbi ya redio, mara nyingi kwenye megahezi 433, masafa ambayo hata rimoti nyingi za mageti zinayatumia. Risiva inasikiliza muda wote. Ikisikia namba inayoitambua, inaruhusu umeme wa betri upite kwenye waya hadi kwenye kiwashio. Kichwa cha kiwashio ni kidogo kama cha njiti ya kiberiti. Ndani yake kuna kiwaya chembamba kama unywele, kimepakwa dawa. Umeme wa kama ampea moja unatosha kukifanya kiwe chekundu, dawa inashika, baruti inafuata. Hujaachia kitufe, kazi imekwisha. Kwa maboksi ya fataki za nje kuna viwashio vya kubana, ambavyo kiwaya chake hulala juu ya utambi. Hivyo huchukua sekunde moja au mbili, na vinakula betri zaidi. Hizo sekunde mbili zimewaponza watu: unabonyeza, kimya, unaanza kusogea uone kuna nini. Usisogee.

Sasa hiyo namba ndiyo iliyomuunguza dogo. Rimoti nyingi za bei ya chini zina chipu ya zamani ambayo namba yake haibadiliki, na hupangwa kwa miguu minane, kila mguu ukiwa na hali tatu. Zidisha 3 kwa 3 mara nane unapata namba 6,561. Zinaonekana nyingi, ila kiwandani mara nyingi hawahangaiki kuzipanga, wanaiacha miguu yote vilevile, katoni nzima. Ukinunua wewe na jirani yako akanunua, mna ufunguo mmoja kwa milango miwili. Chipu zilizokuja baadaye zina namba zaidi ya milioni moja, na hapo unapumua kidogo. Mifumo ya kitaalamu imeenda mbali zaidi: rimoti na risiva huzungumza pande zote mbili, risiva inakujibu kwamba ipo, betri yake ina kiasi gani, na waya upi haujashika. Bei yake si ya harusi mbili wala tatu. Kama huna uwezo huo, fungua mgongo wa rimoti yako, mpe fundi wa redio anayejua kushika chuma cha kulehemu abadilishe mpangilio wa ile miguu, na risiva uibadilishe vivyo hivyo. Ukishabadilisha, jaribu kwa balbu ndogo mahali pa kiwashio, fataki zikiwa bado kwenye gari.

Hata ukinunua ile ya bei mbaya, rimoti inakuweka mbali kwa dakika moja tu, ile ya kuwaka. Dakika nyingine 20 za kuunganisha uko palepale chini, magotini. Wa kiberiti wa zamani alikuwa na hatari moja aliyoiona kwa macho. Sisi tumeichukua ile hatari tukaitawanya hewani, kisha tukaita usalama.

Kwa hiyo baada ya Iringa nilitafuta risiva zenye swichi ya ufunguo, na nina sheria ambayo sijaivunja hata harusi ikichelewa kwa saa tatu. Anayeunganisha ndiye anayebeba ufunguo. Hakuna ufunguo wa akiba kwenye gari. Betri za rimoti anazo yeye pia, mfuko wa pili. Akimaliza, anahakikisha hakuna mtu karibu, anawasha risiva akiwa amesimama ubavuni, hajainama juu ya mdomo wa fataki, kisha anarudi nilipo na kunikabidhi betri mkononi. Kama risiva yako haina ufunguo, toa betri zake kabisa. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Na ujue kwamba baadhi ya risiva za ovyo hurusha umeme kidogo sekunde ileile unapoziwasha. Wewe iwashe kwanza mara tano sita nyumbani, balbu zikiwa mahali pa viwashio. Balbu ikimeta hata mara moja, risiva hiyo ipeleke ikawe mapambo.

Kushikilia sheria hii kunaleta ugomvi, tena na watu wa heshima. Tukuyu, mwenyekiti wa kamati alinijia mbio, jasho linamtoka na mvua iko nje: "Mwanangu, maharusi wako mlangoni, washa!" Nikamwambia, "Baba, ufunguo anao dogo, na dogo bado yuko chini." Akaangalia chini ya meza ya keki, akaona soli za viatu. Akanyamaza. Baadaye alinifuata akaniambia ndaga fijo, na kwa mzee wa Kinyakyusa aliyecheleweshewa maharusi hiyo si asante ndogo.

Jambo la kupima nyaya. Lazima upime kama kiwashio kimeshika, lakini tumia kitufe cha kupimia cha risiva yenyewe, kinachopitisha umeme mdogo mno usioweza kukipasha moto kiwaya. Mafundi umeme wa majumbani wana mazoea ya kushika betri na kabalbu na kugusisha ncha. Kwenye soketi ni sawa. Kwenye kiwashio, umeme unaowasha balbu ya tochi unaweza kuwasha na kiwashio, na wakati huo kiko kwenye vidole vyako.

Huku kwetu hali ya hewa nayo ina mikono yake. Juni hadi Agosti, Makambako, Mafinga, hata Mbeya mjini usiku, betri za kawaida zinalegea kwa baridi. Ulipima saa nane mchana jua likiwaka, saa tatu usiku umeme haufiki. Mimi nakaa na betri ndani ya koti hadi dakika ya mwisho. Msimu huohuo hewa ni kavu, na unavua lile koti zito la mtumba unasikia linalia tetete gizani. Ule ni umeme, na kiwashio kinaweza kuusikia. Ndiyo maana ncha za waya wa kiwashio huja zimesokotwa pamoja: ziache hivyohivyo hadi sekunde ya kuchomeka, na kabla ya kuzigusa shika bomba au chuma kilichoingia ardhini. Nyasi pia zimekauka. Ukipiga za nje karibu na misitu ya misonobari ya Mufindi mwezi wa tisa, cheche moja inaweza kukufilisi wewe na ukoo. Mwezi wa kumi na mbili shida inageuka: radi. Rungwe mawingu yakianza kunguruma sichomeki kitu, na kama nimeshachomeka, watu wote wanaondoka eneo lile na mimi wa kwanza. Radi haihitaji kupiga risiva. Ikipiga jirani, nyaya ndefu zilizolala chini zinaokota umeme.

Na kuhusu zile mita zilizoandikwa kwenye boksi, zipunguze sana. Zinapimwa uwanjani, hakuna kitu katikati. Ukumbini katikati kuna watu, na mwili wa mtu ni maji matupu. Wageni wakishasimama kushangilia, wanameza mawimbi. Kuta za mabati ndiyo kabisa. Inyanyue risiva kutoka sakafuni kama fataki inaruhusu, simama unapoiona, na uliza kama kuna ukumbi mwingine jirani. Mimi siku hizi huingia huko kabisa, nasalimia, naomba kuona rimoti yao.

Halafu juu. Angalia dari kabla hujaangalia kitu kingine chochote. Hizi za ukumbini zinaitwa fataki baridi, na jina hilo limedanganya watu wengi. Cheche ni vipande vya chuma vinavyoungua, huwa ni titani, na mdomo wa kopo unabaki wa moto baada ya kuzimika. Tarehe 26 Septemba 2023, kwenye harusi mji wa Qaraqosh huko Iraki, fataki za ukumbini zilishika mapambo na dari, na watu zaidi ya 100 wakafa. Kumbi zetu zimejaa vitambaa vya kuning'inia kutoka kona hadi kona, na mpambaji anakasirika ukimwambia avipandishe. Akasirike. Vikibaki chini, mimi nafunga boksi langu. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu, na kizima moto; chuma kinachoungua usikimwagie maji, kitakurukia. Na milango yote isiwe imefungwa kwa ajili ya kuzuia watu wasio na kadi.

Kibali anza nacho mapema, polisi, na zimamoto wajue. Kila mwisho wa mwaka polisi hutangaza habari ya fataki zisizo na kibali, wala hawatanii.

Imebaki ile isiyowaka. Itakutokea. Mwezi uliopita, Uyole, boksi moja la nje lilikataa. Nilibonyeza mara ya pili, kimya. Nikatoa betri kwenye rimoti, nikampa dogo. Hakuna aliyesogea. Nusu saa nzima tumesimama kwenye baridi tunaliangalia boksi la karatasi kama watu wanaosubiri basi, MC ndani anapiga hadithi zake. Muda ulipotimia dogo akaenda kwa ubavu, akazima risiva kwa ufunguo, akachomoa waya, akasokota ncha, tukaliloweka boksi zima kwenye pipa la maji hadi asubuhi. Tulipoingia ukumbini pilau ilikuwa imekwisha, imebaki kachumbari.