Mti mmoja, kila Jumatano: maswali yenu na majibu

Mwezi uliopita niliwaomba walimu na wazazi jambo dogo: chagueni mti mmoja ulio karibu, muutembelee na watoto kila wiki siku ileile, dakika 40, bila daftari. Maswali yamemiminika. Haya matano ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Shikamoo mwalimu. Darasa langu la tatu lina watoto 94 na niko peke yangu. Nikiwatoa nje watatawanyika kama vifaranga. Tena mwalimu mkuu anasema huko ni kucheza, si kufundisha. (Mwalimu, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Nimefundisha madarasa ya namna hiyo, naijua hofu yako. Wiki mbili za mwanzo usifundishe kitu kingine chochote ila filimbi: ikilia, kila mtoto anarudi mbio na kukaa chini mbele yako. Rudieni mpaka iwe mchezo wanaoupenda. Baada ya hapo wagawe makundi ya wanane wanane, kila kundi na kiongozi wake, kila kundi na kamba ya katani ya mita 6. Waitandaze chini iwe duara, wakae kulizunguka. Hilo ndilo eneo lao kwa muhula mzima, na wasihame hata wakililia duara la wenzao lenye maua.

Udogo wa eneo ndio unaowafundisha. Wiki ya kwanza watasema hakuna kitu. Wiki ya nne wanakuambia jani lililokuwa bichi limeoza, na kuna uyoga mahali ambapo hapakuwa na uyoga. Safari ya kwenda Mikumi mara moja kwa mwaka ni nzuri, ila mtoto hurudi akiwa ameona tembo kwa mbali na kulala garini. Duara lake la kamba atalijua kama anavyokijua kitanda chake.

Kama mti wenu ni mwembe, tafuteni majimoto, wale chungu wekundu wanaouma. Watazameni kwa mbali wanavyojenga: wengine hushika kingo za majani mawili na kuyavuta yakaribiane, wengine hubeba mabuu yao mdomoni na kuyapitisha huku na huku, maana uzi wa kushonea hutoka kwa mabuu. Wazazi wengi huwachoma moto. Waambie watoto kwamba chungu hao hao huwinda wadudu wanaonyonya nazi changa na kuziangusha kabla ya wakati wake, ndiyo maana mkulima wa minazi anayewafahamu huwaacha.

Mwalimu mkuu usibishane naye. Mpe kazi: awasaidie watoto kuhesabu chungu wanaopita mahali pamoja kwa dakika moja saa 2 asubuhi, halafu tena saa 6 mchana. Wakirudi darasani wachore grafu. Hapo pana hisabati, sayansi na Kiswahili ndani ya nusu saa. Na akisema kitu kidogo hivyo hakifiki popote, mkumbushe Roots & Shoots, mpango wa vijana wa kutunza mazingira, wanyama na jamii. Ilianza mwaka 1991 na wanafunzi 12 tu, barazani kwa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, Dar es Salaam. Leo iko katika nchi nyingi duniani.

Niongeze moja langu. Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyekaa kimya miezi darasani, hata jina lake alilitaja kwa kunong'ona. Mti wetu ulikuwa na mnana wengi. Mnana dume husuka kiota, jike huja kukikagua, na akikikataa, mara nyingi dume hukibomoa na kuanza upya. Yule mtoto ndiye aliyeliona hilo kabla yetu sote. Alinijia mbio, akaeleza tangu mwanzo hadi mwisho bila kupumua. Sikumsahihisha hata neno moja.

Mwalimu, mimi naogopa nyoka. Huku kwetu wapo kweli, si hadithi. (Mzazi, Kibaha)

Una haki ya kuogopa, na hofu yako ina kazi ya kufanya. Fyekeni nyasi kuzunguka mti. Kabla watoto hawajafika, mtu mzima azunguke akigonga ardhi kwa fimbo. Watoto wavae viatu vilivyofunika mguu, na sheria moja isiyovunjwa: hakuna kuingiza mkono usipoweza kuona, iwe shimoni, chini ya gogo au nyuma ya jiwe. Anayenitisha mimi zaidi ni kifutu, kwa sababu hakimbii. Hulala palepale kwenye majani makavu akifanana nayo, mpaka akanyagwe.

Mtoto akiumwa, mlazeni, mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisitikisike. Vueni viatu, pete na bangili kabla hakijavimba. Kisha hospitali, kwa usafiri wowote uliopo. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba, na msikae nyumbani mkisubiri jiwe la nyoka lifanye kazi. Muda mnaopoteza hapo ndio unaoua.

Na ukishamaliza kuogopa nyoka, waoneshe watoto upupu, utomvu wa minyaa unaounguza macho, na mbegu za mbarika, ambazo ni nzuri kwa kutazama na ni sumu kwa kutafuna. Hizo watakutana nazo mara nyingi zaidi.

Naishi ghorofa ya nne Pipeline, Nairobi. Hakuna mti, ni kuta tu. Kijana wangu wa miaka minane anashinda kwenye simu na sasa analalamika macho. Huo mti wako nitautoa wapi? (Baba, Nairobi)

Ndugu yangu, swali lako limeniuma, maana watoto wengi wa miji yetu wanakua hivyo. Nianze na macho. Mpeleke kwanza apimwe. Halafu ujue hili: huko Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule kwa miaka mitatu. Katika kundi hilo waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4. Kwa wenzao ambao hawakuongezewa, asilimia 39.5. Yaani kuwa nje kwenyewe hupunguza hatari, hata pasipo na mti.

Kwa hiyo pandeni juu ya paa kama mwenye nyumba anaruhusu na kuna ukuta wa kuzuia kuanguka, na wewe ukiwa naye. Mwewe wapo juu ya Nairobi mchana kutwa, mwoneshe mkia wao wenye pembe unavyopinda wakigeuka. Siku ukipita naye karibu na Uwanja wa Nyayo, mtazame marabu, wale korongo wakubwa wenye vipara wanaotua kwenye migunga juu ya magari. Nyumbani mpe gunia la udongo na mbegu za sukuma wiki. Liwe lake, alimwagilie yeye, na likifa kwa kusahauliwa usilifufue kwa siri usiku. Apande tena.

Mara moja kwa mwezi, ukipata nauli na kiingilio, nendeni msitu wa Karura, na kila mara mwende kwenye mti uleule. Msimulie pia kwamba mwaka 1999 msitu huo ulikuwa unagawiwa wajenzi, na Wangari Maathai na wenzake walipigwa hadi kuumizwa walipokwenda kupanda miti kwenye lango lake. Mtoto wa miaka minane anaelewa kabisa maana ya mtu kupigwa kwa ajili ya mti.

Binti yangu ana ualbino. Shule inamwacha darasani peke yake wenzake wakitoka. Wanasema ni kwa usalama wake. (Mama, Singida)

Mama, nenda kesho ukaongee nao, kwa upole lakini usirudi bila jibu. Jua kwake ni hatari ya kweli, saratani ya ngozi si jambo la kupuuzwa. Ila dawa yake ni kubadilisha saa ya darasa zima. Wote watoke kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, chini ya kivuli kizito cha mkwaju au mwembe. Yeye avae kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu na sketi ndefu, apakwe mafuta ya kinga. Kuna mafuta yaitwayo Kilisun, yanatengenezwa hapa hapa nchini, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Uliza hospitali ya mkoa au chama cha watu wenye ualbino namna ya kuyapata.

Na kwa kuwa watoto wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, mwalimu abuni kazi ambazo macho si mfalme: kutambua magome ya miti kwa kupapasa, kutaja ndege kwa sauti, kunusa majani yaliyosuguliwa kiganjani. Wote wafunge macho. Usishangae binti yako akiwa wa kwanza.

Nina miaka 71. Mke wangu alifariki mwaka jana. Wanangu wananiambia nikae ndani nipumzike. Haya mambo ya miti ni ya watoto peke yao? (Mzee, Tanga)

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Kukaa ndani kutwa nzima hakumpumzishi aliyefiwa. Japani, tangu mwaka 1982, serikali huwahimiza watu wazima watembee taratibu msituni kwa ajili ya afya yao. Wanaita shinrin-yoku, yaani kuoga msitu. Wewe una bahari na miembe, inatosha kuanzia. Lakini kama usingizi umekukimbia au chakula hakipiti kwa wiki kadhaa, tafadhali kamwone daktari na umweleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi.

Nina ombi pia. Walimu vijana wananiandikia kwamba hawajui majina ya miti iliyo uani kwao, wanasema tu "mti". Wewe unayajua. Unajua upi huchomwa mkaa na upi hauchomwi, upi ulichemshwa nyumbani mtoto akikohoa, bamvua huja mwezi ukiwaje. Nenda shule iliyo karibu nawe, omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, ubebe na kiti chako. Jumatano, saa 4 asubuhi. Watoto watakuuliza mpaka uchoke. Ukishapata mti wako, niandikie ni mti gani.