Kabla hujapanda ndege ya Ujerumani, piga hesabu ya krediti

Wadogo zangu mliopata nafasi ya muhula mmoja Ujerumani kwa ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, hongereni sana. Mtaambiwa mengi kuhusu baridi, na makoti mtanunua. Lakini baridi haijamrudisha mtu mwaka. Ninaowafahamu waliorudi wakajikuta nyuma ya wenzao waliangushwa na krediti za masomo, zile pointi za kila kozi, na zilianza kuwaponyoka wakiwa bado Dar.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), mwaka mzima wa masomo ni krediti 120, na kila krediti ni saa 10 za kazi. Ulaya mwaka ni krediti 60 za ECTS, mfumo wao wa krediti, kila moja ikibeba saa 25 hadi 30. Muhula kamili basi ni krediti 30 kwao na 60 kwetu. Ukirudi na transkripti yenye 30, ukaangukia mikononi mwa karani anayeingiza tarakimu kama zilivyo, nusu ya jasho lako limekwenda hivihivi. Suala hili limalizwe kwenye mkataba wa masomo, ile fomu inayosainiwa na wewe, chuo chako na chuo mwenyeji. Iandikwe kozi gani ya kule inachukua nafasi ya kozi gani ya hapa, na kwa krediti ngapi.

Sahihi ya ofisi ya uhusiano wa kimataifa peke yake usiitegemee. Wale ni watu wazuri, watakusaidia viza na tiketi, ila hawawezi kujua kama somo la takwimu la kule linatosha kuziba la kwenu. Anayejua ni mkuu wa idara. Kaa naye, mpelekee maelezo ya kila kozi, akubali kwa maandishi. Na ukifika ukakuta kozi uliyochagua haifundishwi muhula huo, au inafundishwa kwa Kijerumani (hutokea sana, maana orodha za mtandaoni mara nyingi ni za mwaka uliopita), usibadilishe kimyakimya. Fomu ina sehemu ya mabadiliko. Ijaze wiki za mwanzo na uitume tena nyumbani isainiwe.

Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo apite pia kwa afisa mikopo kabla ya kuondoka. Wakati wenzako wanasaini bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, wewe utakuwa mbali, na fedha isiyosainiwa haikai ikikusubiri.

Kuhusu kalenda nitasema machache: muhula wa baridi, ambao mihadhara yake huanza katikati ya Oktoba na kuisha Februari, unapatana na ratiba zetu kuliko ule wa kiangazi, unaoanza Aprili na mitihani yake ikaweza kusogea hadi Agosti au Septemba. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua wa baridi. Faida ya kiangazi ninayoweza kuisifia ni kwamba mwezi Mei kule Bayreuth, mji wa Ujerumani, hufanyika kongamano la Kiswahili, na anayesoma lugha au fasihi atakutana humo na maprofesa ambao hapa angewasoma vitabuni tu.

Sasa mitihani, maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Sisi tumezoea testi, asaimenti, kosiweki asilimia 40 halafu UE, mtihani wa mwisho wa muhula, asilimia 60. Ukiingia UE tayari unajua umesimama wapi. Kule kozi nyingi zina mtihani mmoja tu mwishoni, na huo ndio alama zote. Kuanzia Oktoba hadi Krismasi hakuna atakayekusumbua. Hakuna testi, hakuna anayeita majina, na wenzako wanaonekana wanakunywa kahawa tu. Wanasoma, nakuhakikishia. Usiuone utulivu ule ukadhani ni likizo.

Halafu kuna jambo ambalo hata wanafunzi makini huliruka: kujisajili kwenye kozi si kujisajili kwenye mtihani. Usajili wa mtihani una dirisha lake, mara nyingi fupi, na katika vyuo vingi uko kwenye mfumo tofauti kabisa na ule wa kozi. Dirisha likifungwa, huna mtihani, hata kama hukukosa mhadhara hata mmoja. Kumlilia profesa hakusaidii, kwa kuwa orodha si yake, ni ya ofisi ya mitihani. Tangazo la usajili hutumwa kwenye barua pepe ya chuo mwenyeji, si kwenye ile yako ya Gmail, kwa hiyo ifungue kila asubuhi. Kwenye semina, badala ya mtihani mnaweza kuandika makala ndefu inayokusanywa wiki kadhaa baada ya mihadhara kwisha. Itasahihishwa wewe ukiwa umesharudi. Mwarifu mkuu wa idara mapema kwamba alama hizo zitachelewa, ili matokeo yako yasiandikwe kuwa hayajakamilika na mtu akaanza kukuulizia.

Alama nazo zimegeuzwa. Kwao 1.0 ndiyo juu kabisa, 4.0 umepita kwa shida, 5.0 umefeli. Kwetu GPA (wastani wa alama) ya 1.3 ni kudisko, yaani kuondolewa chuoni, kule 1.3 ni ya kumpigia mama simu. Omba transkripti iambatane na maelezo ya mfumo wao wa alama, kwa Kiingereza, yenye mhuri.

Fedha. Posho ya Erasmus+ kwa anayetoka kwetu ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kutegemea nchi unayokwenda. Inatosha kwa asiyeishi kifahari. Shida ni wiki za mwanzo. Mpango huu ulianza 1987 kwa wanafunzi wa nchi 11 za Ulaya, na hadi leo taratibu zake zinamfikiria mtu mwenye akaunti ya benki ya Ulaya mfukoni. Wewe unatakiwa kwanza uandikishe anwani yako manispaa ndani ya wiki mbili tangu uhamie, ukiwa na karatasi ya mwenye nyumba. Benki nyingi zitaitaka hati hiyo ndipo zikufungulie akaunti. Posho ndipo inaingia. Wakati huohuo kodi ya chumba, dhamana yake na bima ya afya, inayozidi euro 100 kwa mwezi, vinakudai. Nenda na fedha ya kukuvusha mwezi wa kwanza, hata kama ni ya kuchangiwa na wajomba.

Ratiba ikisema 10 c.t., mhadhara unaanza saa nne na robo. Ikisema s.t., ni saa nne kamili na mlango unafungwa.

Unapokaribia kurudi, pitia ofisi ya kimataifa ya chuo mwenyeji uchukue cheti cha kuthibitisha ulikuwepo, kikitaja tarehe ya kufika na ya kumaliza. Zisome tarehe hizo ukiwa bado dirishani: zikiwa pungufu ya zilizo kwenye mkataba wa ufadhili, posho itapigiwa hesabu upya na utadaiwa tofauti. Mara nyingi kuna sehemu ya mwisho ya posho inayotolewa baada ya cheti hicho kupokelewa, kwa hiyo akaunti ya benki usiifunge hadi fedha hiyo iingie.