Hospawa zaidi kwenye injini ya zamani: maswali na majibu

Injini yangu ni ya silinda 4, kabureta moja. Ninunue kipuri gani kwanza?

Nunua geji ya kompresheni, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Injini nyingi za zamani hazitoi tena hata nguvu zilizotoka nazo kiwandani, na kufunga vipuri vya bei juu ya ringi za pistoni zilizokwisha ni kumwaga pesa. Pasha injini moto, izime, toa plagi zote, kata umeme wa koili, funga geji kwenye tundu la plagi, kanyaga mafuta hadi mwisho, kisha piga starta injini izunguke mara 5 au 6 kwa kila silinda. Silinda dhaifu isiachwe na ile ya juu kwa zaidi ya asilimia 15. Ikiachwa, idondoshee kijiko cha oili upime tena: geji ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda).

Halafu chukua taa ya taimingi, inayomulika kila plagi inapotoa cheche, uimulike alama iliyo kwenye puli ya krenki huku ukipandisha mizunguko. Alama ikiganda palepale, vizito vya ndani ya distributa, vinavyowahisha cheche mizunguko ikipanda, vimeshika kutu. Visafishe na kuvitia oili. Nguvu zinazopotea hapo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Nimefunga kamshafti kali, sasa gari ni zito chini ya mizunguko 3,000. Kwa nini?

Kamshafti ni shafti yenye nundu zinazofungua valvu, na iliyo kali huchelewa kufunga valvu ya kuingiza. Injini ikienda taratibu, pistoni inayopanda hurudisha sehemu ya hewa kwenye manifoldi, na kompresheni hushuka. Mizunguko ikiwa mingi, hewa huja kwa kasi na kuendelea kujaza silinda. Kwa hiyo nguvu zako zimehamia juu. Kwa gari la barabarani, kamshafti inayoacha valvu wazi kwa digrii 260 hadi 270 za krenki inatosha injini nyingi ndogo.

Kamshafti mpya hudai tapeti mpya, yaani vipande vinavyosukumwa na nundu zake. Tapeti zikiwa za chini bapa, paka grisi ya kamshafti, na injini ikiwaka tu ishike kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika 20. Ukiiacha ingurume chini, nundu zitalika siku hiyohiyo.

Nikichonga hedi nitapata nguvu?

Kiasi, ila piga hesabu kwanza. Silinda ya cc 400 yenye kompresheni 8.5 kwa 1 ina nafasi ya cc 53.3 juu ya pistoni. Ukitaka 9.5 ibaki cc 47.1, yaani upunguze cc 6.2 tu. Ukipitiliza, petroli ya oktani ndogo italipuka vibaya, injini itagonga, na pistoni inaweza kutoboka. Tena hedi ikishuka, valvu husogea karibu na pistoni. Bandika plastisini juu ya pistoni, funga hedi, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, ufungue na kupima unene uliobaki: usipungue milimita 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa ekzosi.

Kabureta kubwa je?

Mwisho kabisa, baada ya hedi na ekzosi. Ikizidi, hewa hupoteza kasi kwenye koo lake, petroli haichambuki kuwa ukungu, na gari hukohoa unapokanyaga. Chagua jeti (vitundu vya kupitishia petroli) zitakazokupa hewa 12.5 hadi 13 kwa petroli 1, kwa uzito, ukiwa umekanyaga hadi mwisho.

Na turbo?

Hiyo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Usiifunge kabla ya kushusha kompresheni, kupata klachi ya kubeba mzigo huo na breki za kuusimamisha.